Barua: "Kannen" ni wazo, sawa, ila sio lile la kutoa kwenye mitingi

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi. Niende moja kwa moja maana najua nafasi ya barua ni finyu. Kwenye safu yenu ya maneno ya kigeni mlituwekea neno la Kijapani, kannen, mkaandika maana yake "wazo", basi, nukta, na chini yake mkaweka mfano wa jamaa anawaambia wenzake kazini kwamba ana kannen nzuri ya kuongeza mauzo. Hapo ndo nikaona niandike. Maana ya kamusi siigombi, ukifungua kamusi nyingi utaikuta hiyo hiyo, ila ule mfano jamani, hakuna Mjapani anaongea hivyo. Ukisimama kwenye mitingi Tokyo ukasema una kannen nzuri watu watakuangalia tu wanajaribu kukisia unataka nini, mwingine atadhani unaanza mhadhara wa falsafa, na mwenye roho nzuri atakuokoa kwa kuuliza taratibu, "aidea desu ka?"

Ndiyo, aidia. Wajapani nao wanasema aidea au aidia, kama sisi tunavyosema "nina aidia hapa", wameichukua kwenye Kiingereza wakaiandika kwa katakana, zile herufi zao za maneno ya kukopa, na sasa ni neno la kila siku. Na hilo lina vitenzi vyake. Aidea "inaelea" (ukabu), yaani inaibuka juu ya maji yenyewe kichwani mwako, au "inamulika" ghafla (hirameku), halafu "unaitoa" mbele za watu (dasu), na kama bado mbichi "unaikanda" (neru), kitenzi kile kile cha kukanda unga, na kama huna haraka unaiweka "unaipasha joto" (atatameru) mpaka siku yake. Ukitaka Kijapani chenyewe bila kukopa unasema kangae, fikra tu ya kawaida, "ii kangae desu ne", wazo zuri hilo. Ukiwa na pendekezo la kuwekwa mezani linaitwa an, na hapa kuna kitu kinanifurahisha sana, herufi ya an ina alama ya mti chini yake kwa sababu zamani huko China ilimaanisha meza yenyewe, kwa hiyo wazo la kuwekwa mezani limebeba meza yake. Ndiyo maana mswada wa sheria ni hōan, rasimu ni sōan, na yule bwana anayepinga kila kitu kikaoni ataulizwa "daian wa?", pendekezo mbadala liko wapi?

Na kama wazo lako limekuja kwa kukurupuka wataliita omoitsuki, na ukisikia mtu anasema "tan naru omoitsuki" kuhusu wazo lako ujue limeshazikwa. Adabu ya Kijapani lakini ina njia laini zaidi ya kuzika, wanakwambia "kangaete okimasu", nitalifikiria, na anayewajua anafunga daftari lake anaondoka.

Kwa hiyo mawazo ya kutoa, kupokea, kupinga na kuboresha yana maneno ya kutosha, na hakuna hata moja linaloitwa kannen. Toyota walipoanzisha mwaka 1951 ule utaratibu wao wa wafanyakazi kupeleka mapendekezo ya kuboresha kazi, waliuita sōi kufū teian, ubunifu na maarifa na mapendekezo, kannen haimo. Mwanaanthropolojia Kawakita Jirō alipotoa mwaka 1967 kitabu chake cha namna ya kuzalisha mawazo mapya alikiita Hassōhō, yaani njia ya hassō, na kile anachofanya mtu anayetumia njia yake hiyo, KJ-hō (K na J ni herufi za kwanza za jina lake), ni kuandika kila jambo kwenye kikadi, kuvimwaga vikadi vyote, kuvisogeza vinavyofanana vikae pamoja bila kulazimisha makundi uliyoyapanga kabla, halafu kuvipa kila kundi jina na kuchora mishale. Ukiangalia hiyo kazi yote ni kujaribu kumtoa mtu kwenye kannen alizokuja nazo. Hapo sasa tunaanza kulikaribia neno lenyewe.

Kannen inaandikwa 観念. Herufi ya kwanza, kan, ni kutazama, lakini kutazama kwa makini kwa jicho la ndani, ndiyo kan ya Kannon, yule bodhisattva, mtakatifu wa Kibuddha, wa huruma ambaye jina lake linasema anatazama sauti za ulimwengu, na kwa wapenda kamera, kampuni ya Canon kamera yake ya majaribio ya mwaka 1934 iliitwa Kwanon, ni huyo huyo. Herufi ya pili, nen, juu ina alama ya "sasa" na chini ina alama ya "moyo". Wanaoanza Kijapani wanaijua bila kujua kwamba wanaijua, kwa sababu wiki ya kwanza wamefundishwa zannen, pole, inasikitisha, ambayo kiherufi ni moyo uliobaki nyuma, na wamesikia nen no tame, kwa tahadhari tu.

Ukiunganisha, kan na nen, unapata tendo la kukaa kimya na kumtazama Buddha moyoni. Hiyo ndiyo maana ya asili na haina uhusiano wowote na kuongeza mauzo. Mtawa Genshin mwaka 985 aliandika kitabu cha jinsi ya kuzaliwa kwenye Nchi Safi ya Buddha Amida, yaani paradiso yake iliyoko magharibi, na humo anafundisha kumtazama Amida kwa akili kiungo kwa kiungo, na kama huwezi vyote basi shika kimoja, ule msokoto wa nywele nyeupe katikati ya nyusi unaotoa mwanga. Mpaka leo pale hekalu la Shitennōji, Osaka, siku za ikwinoksi ya machipuko na ya vuli, siku jua linapozama magharibi sawasawa, watu wanakusanyika upande wa lango la magharibi kulitazama jua likishuka, na zoezi hilo linaitwa jissōkan, la kwanza kati ya yale 16 ya sutra ya kutafakari, andiko takatifu la Kibuddha. Unalitazama mpaka ukifumba macho bado unaliona. Hiyo ndo kannen kwa maana yake ya kwanza kabisa, kitu ambacho kimekaa ndani ya jicho hata kama mlango umefungwa.

Sio kila mtu aliikubali njia hiyo. Hōnen, mwanzilishi wa dhehebu la Jōdo, mwaka 1212 akiwa kitandani siku chache tu kabla ya kufa aliandika ukurasa mmoja wa mafundisho yake, na karibu na mwanzo wake anasema nembutsu (kumkumbuka Buddha) anayoifundisha yeye sio ile nen ya kannen inayojadiliwa na wenye hekima wa China na wa Japani, kwake inatosha kulitaja jina la Amida kwa mdomo. Kumbe tayari karne ya 13 inaanza neno lilikuwa na harufu ya wasomi, na harufu hiyo haijaisha mpaka leo, nitaifikia.

Sasa kuna maana ambayo nyie hamkuitaja kabisa na ndiyo inayosikika zaidi kwenye televisheni ya Kijapani. Kannen suru, kama kitenzi. Chukua zile drama za polisi za urefu wa saa mbili ambazo lazima ziishie juu ya jabali kando ya bahari, mawimbi chini yanapiga, muuaji amerudi nyuma hatua moja moja mpaka kisigino kiko ukingoni, mpelelezi wa makamo na koti lake la mvua anamfokea, "Mō nigerarenai zo! Kannen shiro!" Ukitumia maana mliyoitoa, mpelelezi anamwambia muuaji "Waza wazo!", jambo ambalo hata muuaji angeshangaa. Anachosema ni: huna pa kukimbilia, kubali yaishe. Na Kijapani kina usemi mwingine wa saa hiyo hiyo, nengu no osamedoki, wakati wa kulipa ushuru wa mpunga umefika, ambao kwa sisi ni arobaini za mwizi moja kwa moja.

Kutoka kumtazama Buddha mpaka kubali yaishe ni safari ndefu lakini njia inaonekana. Mtu wa zamani aliyeamini Nchi Safi, saa yake ikikaribia, alitakiwa aache mambo ya dunia, ageuke magharibi, amweke Amida moyoni. Inasimuliwa kwamba Fujiwara no Michinaga, bwana mkubwa kuliko wote wa zama zake, mwanzoni mwa karne ya 11 alifariki ameshika nyuzi za rangi zilizofungwa kwenye mikono ya sanamu za Amida. Kwa hiyo mtu aliyekuwa kwenye kannen alikuwa mtu aliyekwisha kujiweka tayari, hapapatiki tena. Kwenye tamthilia za kisamurai mtu anachomoa upanga na kumwambia mwenzie kannen seyo, kama kusema piga sala zako. Polepole sala ikadondoka, kikabaki kile kitendo cha kuacha kupapatika.

Na wanalitumia kwa mambo madogo kabisa, huko ndiko utamu ulipo. Paka anaogeshwa. Mwanzo anapiga kucha, anapanda mkono wa mwenyewe, analia kama anachinjwa, maji yanaruka mpaka kwenye kioo, halafu ghafla anatulia, masikio yamelala, manyoya yamegandamana kawa nusu ya ukubwa wake, anaangalia ukuta. Mwenye paka anapiga picha anaandika: kannen shita, amekubali yaishe. Mtoto aliyekuwa anazunguka korido ya hospitali akikwepa sindano, mwishowe anakaa anakunja mkono wa shati mwenyewe, naye kannen shita. Mwanafunzi tarehe 31 Agosti usiku, likizo ya kiangazi imeisha na kazi za likizo hajagusa, akivuta kiti akae, kannen shita. Msichanganye na akirameru, hilo ni kukata tamaa, unaacha kitu ulichokuwa unakitaka. Kannen suru ni kuacha kukikimbia kitu usichokitaka. Paka hakuwa na tamaa yoyote pale, alikuwa na kisa cha kukimbia tu.

Sawa, hilo "wazo" lenu sasa limetoka wapi? Limetoka kwa watafsiri. Nishi Amane, mtu wa Tsuwano, alipelekwa Uholanzi yeye na Tsuda Mamichi wakasoma Leiden kwa Profesa Simon Vissering kuanzia 1863 mpaka 1865, wakarudi na vitu kichwani ambavyo Kijapani hakikuwa na majina yake. Mwaka 1873, mwaka wa 6 wa enzi ya Mfalme Meiji, yeye na kina Fukuzawa Yukichi wakaanzisha chama cha wasomi wakakiita kwa mwaka huo huo, Meirokusha (mei ya Meiji, roku ni sita, sha ni chama). Neno tetsugaku, falsafa, ni la Nishi, lipo kwenye kitabu chake cha 1874. Na kazi yao kubwa ilikuwa kuingia kwenye maandiko ya kale ya Kichina na ya Kibuddha, kuchukua maneno yaliyokuwepo na kuyapa mzigo mpya. Kannen ikabebeshwa ile "idea" ya wanafalsafa wa Ulaya, picha iliyomo akilini, kile anachozungumzia Locke, kile anachozungumzia Descartes, na mpaka leo mawazo ya kuzaliwa nayo ya Descartes kwa Kijapani ni seitoku kannen.

Na hawakuishia hapo, maana "idea" ya Ulaya yenyewe ni nyingi. Ile ya Plato Wajapani wanaiandika idea kwa katakana, bila "a" mbele, kama ilivyotamkwa Kigiriki, tofauti kabisa na aidea ya ofisini, maneno mawili ukoo mmoja na hayasalimiani. Ile ya Kant, kwa Kijerumani Idee, ikawa rinen, na leo rinen imeajiriwa kwenye makampuni, kila kampuni ina keiei rinen yake imetundikwa ukutani mapokezi. Dhana, ile ya kimantiki, ikawa gainen, na gai yake asili yake ni kile kijiti cha kusawazisha nafaka juu ya kipimo, unapitisha kinachozidi kinaanguka, kinabaki kilicho sawa na vingine vyote. Sijui kama waliochagua herufi ile walikuwa wanakiwaza kijiti lakini imekaa vizuri mno, maana dhana ndivyo inavyofanya kwa vitu.

Tofauti ya kannen na gainen ndiyo ningependa wasomaji wenu waishike, na mfano mmoja unatosha. Jikan no gainen, dhana ya muda, ni mada ya mhadhara wa fizikia, kina Newton na Einstein. Jikan no kannen ni kile ambacho bosi anasema huna ukifika saa tatu na robo kwenye kikao cha saa tatu: "Jikan no kannen ga nai". Muda ni ule ule ila kimoja kipo kwenye kitabu na kingine kipo, au hakipo, ndani yako. (Vijana mitandaoni siku hizi wanasema gainen hata pale, "kwake kulala ni gainen isiyokuwepo", ila huo ni utani wao, kwenye barua ya kazi usijaribu.)

Na hiyo jikan no kannen Wajapani hawakuzaliwa nayo, msidanganywe na hizi treni za kufika kwa dakika ambazo zikichelewa shirika linakupa hati ya ucheleweshaji, chien shōmeisho, ukamwonyeshe bosi au mwalimu. Mpaka mwisho wa 1872 Japani ilihesabu saa kwa majira, mchana unagawanywa vipande 6 na usiku vipande 6, kwa hiyo kipande cha mchana wa kiangazi ni kirefu kuliko cha mchana wa baridi, na watengeneza saa wao walikuwa wanabuni mashine za kurekebishwa kufuata msimu, kazi ya ajabu kweli. Watu walisikiliza kengele ya hekalu, na kengele haina dakika. Van Kattendijke, ofisa wa jeshi la maji wa Uholanzi aliyefundisha Nagasaki kuanzia 1857, alilalamika kwenye kumbukumbu zake jinsi Wajapani walivyokuwa wanajivuta. Halafu Oktoba 1872 reli ya kwanza inafunguliwa, Shinbashi hadi Yokohama, na treni haisubiri kengele. Tarehe 1 Januari 1873 kalenda mpya na saa 24 zilizo sawa zinaanza, amri ilitangazwa haujafika hata mwezi kabla, ndiyo mwaka ule ule kina Nishi wanakaa kupika maneno.

Hata hapo haikutosha. Mwaka 1920, karibu miaka 50 baadaye, walikuwa bado wanahangaika, wakafanya maonyesho ya muda Tokyo na wakaweka tarehe 10 Juni kuwa Siku ya Muda, Toki no Kinenbi, kwa sababu mwaka 671 Mfalme Tenji aliweka saa ya maji kwenye kasri lake la Ōmi na watu wakatangaziwa saa, na mpaka leo pale hekalu la Ōmi Jingū, Ōtsu, siku hiyo wanafanya tambiko la saa ya maji. Tazameni hiyo kinen, ni nen ile ile, moyo wa sasa. Kannen ya muda ilipandikizwa, na kitenzi chao ni hicho hicho, uetsukeru, kupandikiza kama mche. Ndiyo maana kila kannen ya aina hii ina malezi ndani yake: keizai kannen, ile hisia ya hesabu ya fedha ambayo mmoja wa wanandoa anayo na mwingine hana, eisei kannen, habari za usafi, teisō kannen, maadili ya mahusiano, neno ambalo wazee wanalitumia kuwalaumu vijana. Haya hayaelei kichwani wala hayamuliki ghafla. Yanakuwa mazito au mepesi, yanakuwepo au hayapo, na ukiyapeleka kwenye kitenzi dasu, kutoa, sentensi inakufa.

Likizidi kukaa linakuwa gereza. Kotei kannen ni fikra mgando, na sisi kwa bahati nzuri tuna neno hilo hilo limekaa sawasawa kuliko lugha nyingi, na kitenzi chake cha Kijapani ni torawareru, kutekwa. Hauishiki kotei kannen, imekushika. Lilianza kwa madaktari wa akili wa Ufaransa kama jina la ugonjwa, likaishia kwenye matangazo ya kila kitu, siku hizi hata sabuni mpya inadai kuvunja kotei kannen za kufua. Ndugu yake mkali, kyōhaku kannen, ni lile wazo linalomrudisha mtu mlangoni mara ya nne kuhakikisha amefunga.

Niliahidi harufu ya usomi. Kannenteki. Ukiambiwa hoja yako ni kannenteki umetukanwa kwa heshima, yaani ni maneno ya vitabuni, haijagusa ardhi. Wanamaksi wa Kijapani wa miaka ya 1930 walilitumia kama rungu, kwao ukiitwa mtu wa kannenron, yule anayeamini mawazo ndiyo yanaumba dunia, umekwisha. Wanasheria peke yao ndo wanalitumia bila matusi, kannenteki kyōgō, tendo moja linaloangukia makosa mawili au zaidi, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 54.

Kwa kuwataja hao wa miaka ya 1930 nimekumbuka, na hili naliomba kwa uzito kidogo. Kama mna mpango wa kuendelea na haya maneno ya ukoo wa wazo, basi litafika shisō, na tafadhali msije mkaandika "shisō: wazo" mkafunga. Shisō ni fikra za mtu kuhusu dunia na utawala, na lina historia ya watu kufungwa. Sheria ya Kulinda Amani, Chian Iji Hō, ilipitishwa 1925, na chini yake likazaliwa neno shisōhan, mhalifu wa fikra, na mwaka 1936 wakaongeza sheria ya kuwaweka chini ya uangalizi watu wa namna hiyo hata baada ya kutoka. Mwanafalsafa Tosaka Jun, mmoja wa walioanzisha 1932 jumuiya ya utafiti wa uyakinifu, alikufa gerezani Nagano tarehe 9 Agosti 1945, vita ilisitishwa tarehe 15. Sheria ile ilifutwa Oktoba mwaka huo, na katiba iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947 ikaweka kifungu cha 19, kinakataza kuvunjwa kwa uhuru wa shisō na dhamiri. Angalieni hapo hawakuandika kannen. Hakuna serikali inayomfunga mtu kwa jikan no kannen yake, ingawa baadhi ya mabosi wangependa.

Ninachoomba ni kidogo tu. Safu ni fupi najua, maneno thelathini hivi, lakini badala ya kutoa neno moja la Kiswahili na sentensi ya kutunga, toeni vipande viwili vitatu ambavyo Wajapani wenyewe wanavisema vikiwa vimeshikana: jikan no kannen ga nai, hana habari na muda, kotei kannen ni torawareru, kutekwa na fikra mgando, kannen shiro, kubali yaishe. Thelathini haifiki na msomaji anaondoka na kitu anaweza kukifungulia mdomo. Apu nyingi za simu zinafundisha neno dhidi ya neno kwa sababu kompyuta inapenda hivyo, gazeti lina watu. Na ule mfano wa mauzo msiutupe, badilisheni tu, "uriage wo nobasu ii aidea ga arimasu", hapo jamaa wa kazini ataeleweka, kama mpango wenyewe utakubaliwa hilo ni kati yake na bosi.

Wiki ijayo kama bado hamjachagua, wekeni iken. Kamusi itawaambia "maoni", na ni kweli, mpaka mtu aongeze suru mwishoni, iken suru, hapo mzee anamkalisha kijana chini anamsema.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwanafunzi wa Kijapani wa siku nyingi